Shingo ya Mwene

Binti wa jirani yangu hapa Nachingwea anasoma kidato cha tano, na ana tabia ya kukariri masomo yake kwa sauti akiwa anafua. Wiki iliyopita alikuwa anakariri historia ya Ulaya, habari za wafalme waliotawala bila kuulizwa na mtu. Mimi nilikuwa upande wangu wa uzio nachambua mchicha. Nilipokuja kujitambua, kisu kilikuwa chini na mkono wangu uko shingoni, nimejishika kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Nilicheka peke yangu, lakini si kicheko cha kufurahi. Mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima zake, bado naogopa somo la kidato cha tano.

Nililisoma somo hilo kabla sijajua hata kuandika jina langu vizuri. Mama yangu alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja Ruangwa. Baba alikuwa ametangulia mbele za haki nikiwa mchanga, na wasichana wa kazi walikuwa wanakuja na kuondoka, kila mmoja na visa vyake, mpaka Mama akachoka nao. Ikawa nikitoka shule ya msingi mchana, naingia moja kwa moja darasani kwake, nakaa dawati la nyuma kabisa pembeni ya mwanafunzi mmoja mrefu aitwaye Zuhura, wa kutoka Mbekenyera. Zuhura alikuwa ananigawia karanga chini ya dawati na kunifuta makamasi kwa kona ya kanga aliyokuwa akijifunika asubuhi za baridi. Darasa lile lilinuka vumbi la chaki, jasho na mafuta ya nazi, na mpaka leo mchanganyiko huo ukinipitia puani natafuta mlango uko wapi.

Wale wa rika langu mnakumbuka sekondari zetu zilivyokuwa zikifundisha. Kiingereza ndicho kilichokuwa kimeandikwa ubaoni, na Kiingereza ndicho alichoanza nacho mwalimu. Lakini akiona macho ya darasa yamekuwa kama ya samaki wa sokoni, anavuta pumzi, anaangalia dirishani kama mkuu wa shule hapiti, kisha anashuka kwenye Kiswahili. Mimi Kiingereza sikukijua hata neno. Kwa hiyo somo zima lilinifikia vipande vipande, na vipande vyenyewe ni vile vigumu tu, vile ambavyo Mama aliona lazima vieleweke. Maelezo ya katikati, yale ya kutuliza roho, yote yalipita kwa Kiingereza juu ya kichwa changu.

Siku ya kwanza nilisikia hivi: "Hakuna wa kumuuliza. Akisema ufungwe, unafungwa. Hakuna kesi, hakuna hakimu. Ni karatasi tu yenye sahihi yake." Kisha Kiingereza kirefu. Kisha: "Anasema mamlaka kapewa na Mungu, kwa hiyo ukimpinga yeye umempinga Mungu."

Mwanafunzi mmoja, Bakari, Mmakua kama sisi, akanyoosha mkono. "Madam, kwa hiyo huyo ni kama mwene?"

Darasa likacheka. Mama hakucheka. Aliishika chaki hewani kidogo, akasema, "Eeh. Chukulia ni kama mwene. Tena mwene mwenyewe, mwenye kila kitu."

Kwa asiyetujua, mwene kwa Wamakua ni mkubwa wa ukoo, na ukoo kwetu unapita upande wa mama. Kaka wa bibi yangu mzaa mama alikuwa Mwene. Aliishi maeneo ya Mnero, na sisi hatukumwita kwa jina lingine lolote. Mama hakumwita mjomba, mimi sikumwita babu mpaka anipe ruhusa siku amefurahi. Alikuwa Mwene basi, na mimi sikujua kuwa duniani kuna mwene mwingine. Kwa hiyo tangu Bakari aulize swali lile, na darasa zima likaanza kumwita yule mfalme wa Ufaransa mwene, mimi nilijua wanasomeshwa habari za kwetu.

Na kila kitu kililingana, ndiyo balaa. Mama alisema mwene alijenga nyumba kubwa mno nje ya mji, na wakubwa wote walitakiwa waende wakakae naye kule. Mwene wetu alikuwa ametoka kujenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nje kidogo ya kijiji, na wajomba wote walihamia jirani naye. Mama alisema watu walibebeshwa hata ushuru wa chumvi. Sisi kila tulipokwenda Mnero, Mama hakuthubutu kushuka kwenye gari bila mfuko wa chumvi na miche ya sabuni kwa ajili ya Mwene. Kisha akasema jambo lililonitoa jasho. Alisema mwene akiamka asubuhi, watu wanasimama kumtazama akivaa, na yule anayepewa kumshikia shati anajiona amepata cheo.

Mimi nilikuwa nimewahi kumshikia Mwene taulo. Likizo iliyopita, asubuhi, ananawa uso uani, wajomba wamesimama wanasubiri amalize ndipo wamsalimie, na mimi katikati yao nimeshika taulo kwa mikono miwili, nimevimba kwa fahari. Kwa hiyo na mimi nilikuwamo kwenye somo.

Nilimpenda yule mzee, niseme ukweli. Nilimwogopa, lakini nilimpenda. Hakuwa mtu wa mwili mkubwa kama mnavyoweza kufikiri. Alikuwa mdogo, mkavu, na shati lake alilifunga mpaka kifungo cha juu kabisa, shingo nyembamba imetokeza kwenye kola kama mchi ndani ya kinu kikubwa. Hakupaza sauti. Alisema jambo mara moja, na jambo hilo likawa.

Halafu ikaja siku ya kukatwa kichwa. Mama alifundisha Kiingereza kipindi karibu chote, mimi nimeshaanza kusinzia begani kwa Zuhura, ndipo akateremka kwenye Kiswahili. "Watu wakachoka," alisema. "Njaa ilikuwepo, mkate hakuna, na wao kule kwenye jumba wanakula. Watu wakachoka. Wakamtoa, wakamkata kichwa mbele ya watu, uwanjani, mchana kweupe. Na mkewe baadaye, naye hivyohivyo."

"Yule aliyejenga jumba?" Zuhura akauliza.

"Hapana. Aliyejenga alikufa kwa uzee, kitandani kwake. Waliyemkata ni wa uzao wake, vizazi vya mbele. Yeye ndiye aliyekutwa."

Usingizi uliniisha palepale. Nilijipapasa shingo, nikaona jinsi ilivyo ndogo. Wa uzao wake. Kwetu, uzao wa Mwene si watoto wake, ni watoto wa dada zake na watoto wa hao. Yaani Mama. Yaani mimi.

Sikumwuliza mtu. Watu wazima wanashangaa kwa nini mtoto haulizi, lakini mtoto anayeogopa kweli anajua kwamba akiuliza atajibiwa. Nilianza kulala na kanga imezungushwa shingoni. Mama aliponiuliza nikasema nasikia baridi, na ilikuwa ni msimu wa korosho, joto la kuchoma utosi.

Sasa, kulikuwa na jambo la kweli lililokuwa likija, ambalo mimi nililijua nusunusu. Mwene alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja Ruangwa mwenyewe kunichukua, nikakae Mnero na wajomba. Alisema mtoto wa ukoo halelewi na mwanamke mmoja kwenye nyumba ya kupanga. Mama alipopata salamu hizo hakula siku ile. Nilimsikia uani akiongea na jirani yetu, Mama Salma, Mmwera mmoja mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili hata akinong'ona.

"Utamwambiaje sasa, Mama Vero?"

"Nimeshakata shauri. Akija, namkatalia."

"Wee! Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, mchana. Nimechoka, Mama Salma. Watu wanachoka, jamani."

Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, nimeshika sufuria ya kuoshea mchele, nikakaa nayo chini. Kukata, kukatalia, mbele ya watu, mchana, watu wamechoka. Hakukuwa na neno hata moja ambalo sikuwa nimelisikia darasani. Mama yangu, aliyekuwa anaogopa hata kumkanyaga mjusi, alikuwa amepanga kumkata Mwene kichwa hapo uani kwetu. Na akishakatwa yeye, wenye hasira watauliza uzao wake uko wapi.

Nilifanya nilichoweza. Asubuhi ya Jumamosi ambayo Mwene alitarajiwa, nilichukua panga la kufyekea na visu vyote viwili vya jikoni, nikavichomeka ndani ya gunia la mahindi mpaka mkono ukazama hadi begani. Mama alitafuta kisu, akatafuta, akalaani panya na wezi, maana kulikuwa na jogoo wa kuchinjwa kwa ajili ya mgeni. Mwisho akamwita mume wa Mama Salma, Mzee Salum, aje achinje yeye, ili na wao Waislamu wapate kula. Mzee Salum akaja na kisu chake mwenyewe. Kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyovificha. Alimchinja jogoo pale pale karibu na karo, na kichwa kikabaki mchangani, jicho limefumba nusu. Sikuweza hata kulia. Niliona wanajaribu kwanza kwa jogoo.

Mwene alifika jua la utosi, amevaa koti juu ya shati lake la kifungo cha juu, kofia mkononi. Alipewa kiti cha pekee chenye mikono, kibarazani. Mama alipiga magoti akampa maji ya kunawa. Mama Salma na mumewe walikaa kwenye mkeka kama mashahidi, ndivyo Mama alivyowaomba. Kisu kilikuwa kimeoshwa, kimelazwa juu ya kinu kilichofunikwa, hatua chache kutoka kwenye kile kiti.

"Vero," Mwene akaniita. "Lete taulo."

Nilipeleka. Nilisimama karibu naye kiasi cha kuona mshipa unavyopiga chini ya sikio lake. Nilitaka kumwambia, nikamkabidhi taulo tu.

Alijifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nimekuja kumchukua mtoto," alisema. "Shule hata Mnero zipo. Hapa anashinda na wanafunzi wakubwa, anasikia mambo ya wakubwa. Mfungie nguo zake."

Mama alikuwa bado amepiga magoti.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mwene."

Ile haikuwa sauti yake. Sauti ya Mama ilikuwa inafika dawati la nyuma bila taabu, wanafunzi wa darasa la jirani walikuwa wakiandika notisi kwa kuisikia tu. Hii ilikuwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. Nilimwangalia, nikaona mikono yake imeshika mapaja kama mtu anayetaka kuinuka, na mimi kwa akili yangu nikajua sasa ndiyo saa, sasa anainuka kwenda kwenye kinu.

"Babu, kimbia!" nilipiga kelele. "Kimbia! Mama amekata shauri!"

Hakuna aliyesogea. Mwene aliniangalia, akamwangalia Mama. "Shauri gani?"

Hapo maneno yakanitoka kama maji yaliyozuiwa. Nikamwambia mwene akijenga nyumba kubwa na kuwaita wakubwa wote na kuchukua chumvi ya watu na kuwafunga bila kesi, na hakuna wa kumuuliza, watu wanachoka, na wakichoka wanamkata kichwa uwanjani, na kisu ni kile pale, na mimi nilivificha vyetu lakini Mzee Salum kaleta chake. Nikaishiwa pumzi. Nikashika mguu wa suruali yake.

"Nani kakwambia mwene anakatwa kichwa?"

"Mama. Anawafundisha wanafunzi. Kila siku."

Mzee Salum akakohoa, akaanza kuchunguza kucha za miguu yake. Mwene akaiweka taulo juu ya goti lake, akaikunja vizuri.

"Unawafundisha watoto wa watu kunikata mimi kichwa," alisema kwa Mama, kwa sauti ya chini ileile.

"Ni mfalme wa Ulaya, Mwene. Wa zamani. Ni somo."

"Mtoto kasema mwene."

"Ni mwanafunzi mmoja alisema huyo mfalme ni kama mwene. Na mimi nikamkubalia." Niliona kitu kinapita usoni mwa Mama, kile kilichokuwa kinapita akigundua amekosea tahajia ubaoni. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mwanamke wa kwetu akilifanya mbele ya Mwene. Alinyanyuka kutoka magotini, akajipangusa vumbi, akasimama.

"Nilikosea," alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya dawati la nyuma. "Mwene si kama yule. Mwene ana apwiyamwene. Ana dada au mpwa wa kumwambia hapa hapana, na akishaambiwa anarudi. Mama yangu ndiye aliyekuwa wako. Alikukatalia mambo mangapi, ukamsikiliza? Tangu tumzike hujaweka mwingine. Umebaki peke yako na wajomba wanaosimama kukutazama ukinawa. Sasa ndiyo umekuwa kama yule." Akavuta pumzi. "Mtoto haendi, Mwene."

Jogoo alikuwa anachemka jikoni. Mimi nilifumba macho. Nilikuwa na hakika kwamba mtu mmoja atakufa, ila sikujua tena ni nani.

Mwene alisimama. Alivaa kofia. Kabla ya kushuka kibarazani aliniwekea mkono kichwani, mkono mkavu na mzito, akauacha pale, na mimi nikasubiri. Akamwambia Mama maneno machache kwa Kimakua, ambacho Mama hakuwa amenifundisha. Kisha akaondoka kwa miguu kuelekea stendi, juani, bila kula. Mama Salma akamkimbilia na bakuli mpaka barabarani, akarudi nalo. "Mama Vero," alisema, na safari hii alinong'ona kweli, "mkubwa ameondoka na njaa nyumbani kwako." Yale maneno ya Kimakua nimemwuliza Mama utu uzima wangu wote, na kila mara anasema amesahau, na kila mara anainuka kwenda kuangalia kitu jikoni.

Nilibaki. Ndilo jambo Mama alilolitaka, na alilipata. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wa Mnero aliyepita kwetu. Msimu wa ufuta ulikuja, hatukuletewa hata kisado. Bibi mdogo alifariki, tulisikia sokoni kwa mwanamke wa kuuza dagaa, wiki zimeshapita. Mama alianza kushtuka gari likipunguza mwendo nje, na kuniamsha asubuhi kwa kunishika kwanza uso, kama anahakikisha bado nipo.

Jumatatu baada ya Jumamosi ile alinifuata shuleni mwenyewe akanipeleka darasani kwake, hakusubiri nije. Aliwaambia wanafunzi kwanza wafute lile neno la mwene kwenye madaftari yao, si sahihi, atawaeleza sababu siku nyingine. Bakari akanung'unika, akafuta. Mimi nikapanda dawati langu la nyuma. Zuhura akanyoosha mkono.

"Madam, walivyomkata yule mfalme, watu walifurahi?"

"Siku ile walishangilia," Mama akasema. "Baada ya hapo wakaanza kuogopa."

"Waogope nini, na mfalme hayupo?"

Nilisubiri arudi kwenye Kiingereza, maana swali lilikuwa jepesi na hakukuwa na haja ya Kiswahili. Hakurudi. Nje gari lilipita kwenye barabara ya kwenda Nachingwea, likapunguza mwendo penye shimo la mbele ya shule, likaendelea, na Mama aliligeukia mpaka liliponyamaza.

"Hicho ndicho kipindi kinachofuata," alisema. "Kwenye vitabu kinaitwa kipindi cha hofu."

Kisha akaniita nihame nyuma nije dawati la mbele. Akaichukua chaki yake, akaliacha eneo lake la kawaida pale katikati ya ubao, akaenda kusimama mlangoni, mgongo kwa nje, mkono mmoja ameegemeza kwenye fremu. Muhula wote uliobaki alifundishia pale.